Ini Liko Upande wa Kulia

Mahamri ya mama yalivuka mpaka wa Gatuna yakiwa ndani ya leso. Yalitoka Likoni kwenye mfuko wa plastiki, yakasafiri nami Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kampala, na asubuhi ile ya Januari 2009 askari wa upande wa Rwanda akaunyooshea kidole mfuko wangu. "Dada, hii haiingii." Mifuko ya plastiki ilikuwa imeshapigwa marufuku kwao; kwetu Kenya marufuku ilikuja 2017. Nikachutama kando ya foleni, nikavua leso niliyojitanda, nikayamimina mahamri humo na kufunga fundo. Yalikuwa yameshakauka, lakini kuyatupa nisingeweza. Mama aliamka saa tisa usiku kuyapika, na alijizuia kulia hadi kivuko kilipong'oa.

Basi lilipoondoka mpakani lilihamia upande wa kulia wa barabara. Nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja. Nilikuwa na umri wa miaka 26, na shahada ya ualimu, na mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha Kiingereza katika nchi ambayo sikumjua mtu ila rafiki mmoja wa chuo.

Kwa miaka mitatu nyumbani nilikuwa mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na shule yenyewe pesa zikipatikana, nikingojea ajira ya serikali. Oktoba 2008 baraza la mawaziri la Rwanda likaamua kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka wa shule ulioanza Januari ndio uliokuwa wa kwanza. Nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na ndani ya jumuiya hiyo Kenya, Uganda na Tanzania zilisomesha sekondari kwa Kiingereza. Kwa hiyo simu zikaanza kulia Kampala na Nairobi: walimu wanatakiwa. Yule rafiki yangu alikuwa Kigali tayari. Alinipigia jioni moja, akaniambia, "Wewe njoo tu, hata sanduku usijaze."

Nilipelekwa kusini, kwenye shule ya sekondari karibu na Huye, mji ambao wenyeji wengi bado waliuita Butare kwa jina lake la zamani. Vilima juu ya vilima, kahawa kwenye miteremko, mpunga mabondeni, na baridi ya jioni ambayo mtoto wa Pwani hakuijua. Lakini mengine niliyajua bila kufundishwa. Siku ya pili nilipakuliwa isombe, nikaona ni kisamvu. Nikauliza kipindi kinaanza saa ngapi, mlinzi akanijibu "saa mbiri", na nikasimama pale getini nimefurahi kama niliyeitwa jina langu. Wanyarwanda huhesabu saa kama sisi, na kwa maneno yetu.

Darasani mambo yalininyookea upesi. Wanafunzi walikuwa na njaa ya Kiingereza, walinifuata hadi mlangoni na madaftari yao. Penye ugumu palikuwa chumba cha walimu. Nikiwa nje nilisikia vicheko, Kinyarwanda na Kifaransa vikipishana. Nikiingia, kimya. Watu wazima, wenye elimu yao na ndoa zao, wanainamia vikombe. Wiki tatu nzima niliamini wananichukia. Sikujua kwamba kila nilipopita mlango ule, kila mmoja wao alikuwa anatafuta kichwani sentensi ya Kiingereza ya kunisalimia nayo, na haipati.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa biolojia. Alikuwa amefundisha kwa Kifaransa kwa zaidi ya miaka 20. Madaftari yake ya maandalio aliyafunika kwa karatasi ya kaki, na mwandiko wake, wallahi, ulikuwa mzuri kuliko chapa. Alasiri moja mwezi wa Februari, walimu wengine wameondoka, alikuja mezani kwangu na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Akaketi. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu alikosomea ujanani:

"Mwalimu, niko na shida. Niko naomba unisaidie, lakini batoto basijue."

Mkuu wa shule alikuwa amewaambia kwamba mwisho wa muhula atapita madarasa yote, na asiyefundisha kwa Kiingereza ajitafutie mahali pengine. Walikuwa wamepewa mafunzo ya wiki chache wakati wa likizo. Wiki chache, kwa mtu aliyeibeba biolojia yote kichwani kwa lugha nyingine! Mimi ni mwalimu wa lugha, najua lugha hujengeka kwa muda gani. Kubadilisha lugha ya kusomea huenda ni jambo la busara, sina ugomvi nalo, lakini kutoka Oktoba hadi Januari si muda wa kumvusha mwalimu. Mwaka 2011 serikali yenyewe iliyarudisha madarasa matatu ya kwanza ya msingi kwenye Kinyarwanda.

Na kuna jambo jingine lililonikaa rohoni. Mshahara wangu ulizidi wake. Nililijua hilo siku ambayo karatasi ya malipo iliachwa wazi juu ya meza ya ofisi. Mimi, mgeni wa wiki tano, niliyekuwa sijaajiriwa kwetu, nililipwa zaidi ya mtu aliyewafundisha nusu ya walimu wa wilaya ile. Nilikuwa nimekwenda kutafuta riziki, na sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba lugha iliyonipa mimi riziki ndiyo iliyokuwa ikiichukua ya mwingine.

Tukaanza, saa kumi na moja jioni, ndani ya maabara, mlango umerudishwa. Alifungua daftari la kaki, akasoma sentensi yake ya Kifaransa, akanieleza maana kwa Kiswahili, nami nikamwandikia Kiingereza chake. *Foie*, ini, *liver*. *Poumon*, pafu, *lung*. Nyakati nyingine alinikatiza: "Hapana, mwalimu, hiyo si maana yake," na kunichorea pembeni mpaka nielewe kazi ya kongosho, kisha ndipo tutafute neno. Niliacha biolojia kidato cha pili. Nilichokijua baadaye kuhusu mwili wa binadamu nilikijulia kwenye maabara ile. Iliposomwa habari mwaka 2017 kwamba Rwanda imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, mtu wa kwanza kumkumbuka alikuwa yeye, na kile kinara cha balbu moja juu ya meza yetu.

Kilichomshinda ni l na r. Kwenye ulimi wake zilikuwa sauti moja, na sikio lake lilizisikia kama moja. Nikamwambia, "Mzee, sikiliza. Mahali. Mahari." Akarudia: "Mahari. Mahari." Akaniangalia akingoja nimpongeze. Nikamweleza kwamba moja ni pale unaposimama, na nyingine ni ng'ombe unaowapeleka ukweni. Akafikiri sana. "Na bantu banazitofautisha, kweli?" Nikatoa kioo kidogo cha mkobani, nikamwonyesha: ncha ya ulimi ibaki nyuma ya meno, isitetemeke, isiondoke. L. Aliushika mkono wa kioo kama anavyoshika hadubini, karibu na jicho, kidole gumba chini. Alirudia hadi mate yakamkauka. Siku nyingine ilimtoka, mara mbili, mara tatu, na uso wote ukang'aa. Kesho yake imepotea.

Somo lake la ukaguzi liliangukia Alhamisi ya katikati ya Machi, kidato cha tatu. Mada: ini. Nilitamani iwe kitu kingine chochote katika mwili. Akaniomba nikae nyuma, karibu na dirisha. "Ukisikia nimekosea, gusa sikio. Nitajua." Mkuu wa shule alikuwa bado hajafika. Madawati yalijaa, wanafunzi watatu watatu, na mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati.

Alivaa koti lake la kijivu. Akawasalimia kwa Kiingereza, wakaitikia vizuri. Akaandika tarehe. Kisha akageuka, akavuta pumzi, na nikaona ulimi wake unajaribu kwenda nyuma ya meno.

"*Today, we study the river.*"

Aliyecheka kwanza ni kijana wa mstari wa mbele aliyekulia Uganda, mwenye Kiingereza chepesi. Akanong'ona kitu, kicheko kikatambaa dawati kwa dawati. Mkono wangu ukapanda wenyewe sikioni. Nilifanya tulivyokubaliana, na bado ile ishara inanichoma hadi leo, kwa kuwa alinitazama mimi, akaona sikio, akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili arekebishe: "*The river.*" Darasa likapasuka.

Akatugeuzia mgongo. Chaki ilikuwa mkononi lakini hakuandika. Nikauona ule mgongo wa koti la kijivu, kola imesuguliwa hadi nyuzi, na nikajua sasa atarudi kwenye Kifaransa, na mkuu atafungua mlango wakati huohuo, na kazi imekwisha. Niliinuka nusu. Sijui nilitaka kusema nini.

Kisha akaanza kuchora. Chaki ya kahawia kwanza, ubavuni, kwa mstari mmoja bila kuinua mkono: pande la kulia kubwa, pande la kushoto dogo. Kijani kwa kifuko cha nyongo. Nyekundu kwa ateri. Bluu kwa ule mshipa mnene unaoleta damu kutoka kwenye matumbo. Alichora polepole, na vicheko vikawa vinapungua kila alipobadilisha rangi, hadi tukabaki na mvua peke yake. Alipomaliza akafuta vidole kwa kitambaa, akamwita yule kijana mbele.

"*You. Say the word.*"

"*Liver*," akasema kijana, safi kabisa.

"*Good. Again, for all.*" Kijana akarudia, darasa likafuatisha. Mzee naye akafuatisha pamoja nao, mdomo wake ukienda na wao, bila kujificha.

"*Now. Show me, where is it? In your body.*"

Kijana akasita. Akaweka kiganja tumboni, upande wa kushoto, chini kidogo.

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyejua. Mzee akamsogelea. Aliushika mkono wa yule mtoto kwa kifundo, taratibu, kama daktari anavyomshika mgonjwa, akaupandisha na kuuhamisha hadi upande wa kulia, chini ya mbavu. Akauacha hapo. Akasema, "*Here. Press. Breathe.*" Kijana akavuta pumzi. "*You feel? It goes down a little.*" Nikaona uso wa kijana unabadilika. Kisha mikono ya darasa zima ikaenda kwenye mbavu za kulia, mikono arubaini na kitu, wote wanavuta pumzi, wanangojea kulihisi. Na mimi pia, kule dirishani.

Mkuu wa shule aliingia wakati tumekaa hivyo. Alisimama mlangoni, maji ya mvua yanamdondoka kwenye mwavuli, akalitazama darasa lililojishika ubavu, akatazama ubao. Mzee aliendelea. Alisema *river* mara nyingine nyingi alasiri ile. Alieleza kwa sentensi fupi fupi, nyingine zimepinda, jinsi ini linavyotunza sukari ya mwili, linavyotengeneza nyongo, linavyoondoa sumu. Aliponasa, aligonga mchoro kwa chaki na wanafunzi wenyewe wakamtafutia neno. Yule kijana wa mbele alimpa matatu. Mkuu alikaa kama robo saa, akaandika kitu kwenye daftari lake, akatoka bila kusema neno. Muhula uliofuata mzee alikuwa bado kwenye orodha ya vipindi.

Kengele ilipolia hawakukimbilia nje. Walibaki wakinakili mchoro, wengine wamesogea hadi ubaoni kuhakikisha kijani kinaanzia wapi.

Nilimkuta ukumbini, amejiegemeza ukutani, koti limelowa mgongoni ingawa mvua haikumfikia. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile sikio. Yeye akaniwahi.

"Nilisema *river* mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mzee."

"Ulihesabu."

"Mara tisa."

"Na *liver*?"

"Nne."

Akatikisa kichwa, akilipima hilo. Kisha akalitoa daftari la kaki kwapani, akalifungua kwenye ukurasa uliofuata, akaniwekea mbele.

"Sasa figo. Figo inaitwaje?"

"*Kidney*."

Akalisema neno hilo polepole, mara moja, akilionja. Akalisema tena. Hakuna l ndani yake, hakuna r.

"Hii," akasema, "batanisikia." Akachomoa kalamu, akaliandika pembeni ya *rein*, kwa mwandiko wake ule ule.