Kutafuta milipuko ya miale ya gama kwa tochi, mbao na manila: kumbukumbu ya mradi wangu, Tanga

Masika

Nataka kuonyesha, kwa vitu vinavyopatikana mjini Tanga au vinavyoweza kuletwa na basi kutoka Dar, namna setilaiti inavyojua mlipuko wa miale ya gama (mmweko mfupi wa mwanga wenye nguvu nyingi mno, usioonekana kwa macho, kutoka mbali angani) umetokea upande gani wa anga. Gama yenyewe sitainasa. Uwe Ngamiani au juu ya milima ya Usambara, hewa iliyo juu yako imeshaimeza kabla haijakufikia. Ndiyo maana vyombo vya kazi hii viko angani, na ndiyo maana dunia haikuwa na habari ya milipuko hii mpaka Wamarekani waliporusha setilaiti za Vela kuchunguza kama kuna anayelipua bomu la nyuklia kwa siri baada ya mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio hayo angani. Tarehe 2 Julai 1967 Vela zikanasa mmweko wa gama usiofanana kabisa na bomu. Habari ikatangazwa 1973.

Mimi kinachonishika zaidi ni swali la "wapi". Gama huwezi kuikusanya kwa lenzi, na kioo cha kawaida inakipenya tu. Kila nikiona mchoro wa "darubini ya gama" yenye bomba refu na kioo mbele nakereka kidogo. Katika ujanja walio nao wahandisi, nimechagua wa aina tatu: kulinganisha vigunduzi vipi vimepigwa zaidi, kusoma kivuli, au kulinganisha saa. Wa kwanza na wa pili unatengenezeka mezani. Wa tatu nimeupeleka kwenye kompyuta, kwa sababu unahitaji umbali ambao chumba changu hakina.

Nimeanza na ule wa kwanza. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa 11 Juni 2008, ina chombo kiitwacho GBM. Kina vigunduzi 12 vya fuwele ya sodiamu iodidi vilivyotazamishwa pande mbalimbali, na vingine 2 vya fuwele nzito zaidi kwa ajili ya gama kali. Kigunduzi kinachoutazama mlipuko uso kwa uso kinahesabu fotoni (chembe za mwanga) nyingi, kilichoupa ubavu kinaambulia chache. Ukizilinganisha hesabu za vigunduzi vyote, unapata upande.

Fundi seremala wa mtaani kwetu alinichongea gogo lenye nyuso 12.

"Mwalimu, dude hili la nini?"

"La kutafutia tochi, fundi."

"Tochi si unayo mkononi?"

Kila uso nimeutoboa na kuweka fotodayodi moja, yaani kijicho cha kupimia mwanga, nyaya zote zikaingia kwenye kompyuta ndogo ya Arduino Mega, maana ina njia 16 za kupimia. Ile ndogo ya kawaida ina 6 tu. Kuchoma lehemu nyaya hizo kwenye joto la Machi, feni ikiwa imezimwa ili moshi usitapakae chumbani, ni kazi ambayo simtakii mtu. Programu niliyoandika ni fupi: inajaribu kila upande wa anga, inakokotoa kila fotodayodi ingesoma kiasi gani, halafu inachagua upande unaokaribiana zaidi na vipimo.

Masika bado, ukuta mweupe

Gogo linafanya kazi, ila lina tabia. Tochi ikiwa upande wa dirisha, jibu linavutwa kuelekea ukuta ulio mkabala. Ukuta huo umepakwa chokaa, unarudisha mwanga, na zile fotodayodi zilizoipa mgongo tochi zinadhani nazo zimeona kitu. Nikauning'inizia baibui kuukuu la mama. Jibu likarudi mahali pake papo hapo.

Nimeandika sana kuhusu baibui kwenye daftari langu kwa sababu Fermi ina ukuta mweupe wake, nao ni dunia. Gama za mlipuko zinagonga angahewa iliyo chini ya setilaiti, baadhi zinarudi juu na kuingia kwenye vigunduzi kutoka upande usio wa mlipuko. Nyingine zinatawanywa na mwili wa setilaiti yenyewe. Wao hawana baibui la kuifunika dunia, kwa hiyo programu yao inabidi ijue dunia iko upande gani kila wakati na ikadirie mwanga huo wa kurudi. Hata baada ya hapo, mlipuko wa kawaida GBM inauweka ndani ya doa la digrii kadhaa, na ukiwa hafifu doa linazidi hapo. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Mwenye darubini ya kawaida akiambiwa atafute kitu ndani ya doa kama hilo, usiku utakwisha.

Faida ya GBM ni kwamba inaona karibu anga lote lisilofunikwa na dunia, kwa mpigo, na inanasa milipuko kama 240 kwa mwaka. Nimeipenda kwa hilo.

Kusi

Upepo umegeuka, joto limepungua, mikono haitokwi jasho. Wakati mzuri wa kukata karatasi.

Ujanja wa pili, wa kusoma kivuli, ni wa setilaiti ya Swift, iliyorushwa 20 Novemba 2004. Chombo chake cha kunasa mlipuko, BAT, kina dari la vigae vya risasi 52,000 hivi, kila kimoja milimita 5 kwa 5, vilivyopangwa kwa bahati nasibu: hapa kigae, hapa tundu, karibu nusu kwa nusu. Mita 1 chini yake kuna sakafu ya vigunduzi 32,768. Mlipuko ukitokea, dari linatupa kivuli chake sakafuni. Mlipuko ukiwa kushoto, kivuli kinasogea kulia. Kompyuta inakisogeza kivuli juu ya ramani ya dari mpaka vinapolingana, na kiasi cha kusogeza ndicho uelekeo. Mpangilio lazima uwe wa ovyo. Ukitoboa matundu kwa mistari iliyonyooka, kivuli kitalingana mahali pengi na hutajua ukweli ni upi.

Mimi nimetumia manila nyeusi, wembe na rula. Matundu ni ya milimita 5, kama vigae vyao. Mpwa wangu ndiye aliyeamua tundu liwe wapi, kwa kurusha sarafu ya shilingi 200: ikianguka simba juu natoboa, ikianguka Karume naacha.

"Mjomba, kwa nini Simba ndiyo ipewe matundu?"

Huyu mtoto ni Yanga damu, na hoja yake tumeijadili kwa kirefu kuliko ilivyostahili.

Kiwambo hicho kinakaa sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe, na simu iliyofungwa pembeni inapiga picha ya kivuli. Milimita 5 kwa sentimita 30 ni takriban digrii 1, basi huo ndio uwezo wa sanduku langu. Kwa Swift ni milimita 5 kwa mita 1, yaani chini kidogo ya theluthi ya digrii, na kwa kutafuta katikati hasa ya mahali kivuli kinapolingana zaidi wanafika kwenye dakika 3 hivi za tao, ambayo ni sehemu moja ya ishirini ya digrii.

Jaribio la kwanza la haki lilifanyika usiku umeme ulipokatika mtaa mzima, giza safi lisilohitaji pazia. Tochi ya taa moja ndogo iliwekwa upande wa pili wa chumba. Kwenye picha kivuli kilionekana hovyo tu, madoa meupe na meusi, ukikitazama huambulii kitu. Lakini programu ilipomaliza kukisogeza ikachora mraba wa kijivu, na katikati yake nukta moja nyeupe kali. Mpwa akawasha tochi ya simu kwenye kona nyingine bila kuniambia. Picha iliyofuata ilikuwa na nukta mbili. Hapo ndipo nilipoamini kwamba nimeelewa kitu hiki.

Kuhusu Malindi

Hapa natoka nje ya mradi kidogo.

Kutoka Tanga ukipanda na pwani, kilomita 200 na ushei, unafika Malindi, na mbele yake Ngomeni, ambako Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya astronomia ya eksirei, ikapewa jina la Uhuru. Kituo cha mawasiliano cha huko Malindi ndicho kilichokuwa kikipokea data za BeppoSAX, setilaiti ya Waitalia na Waholanzi iliyozunguka karibu kabisa na ikweta. Tarehe 28 Februari 1997, alfajiri kwa saa zetu, BeppoSAX ilinasa mlipuko, kamera zake za viwambo vya matundu zikatoa mahali, na saa chache baadaye ikageuzwa kutazama pale pale. Ikakuta mng'ao wa eksirei uliobaki, unaofifia. Ilikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana kama milipuko hii iko pembezoni mwa galaksi yetu au mbali kupita kiasi. Mlipuko wa Mei mwaka huohuo ukapimwa umbali wake, na ubishi ukaisha: ni mbali, mabilioni ya miaka ya mwanga.

Swift nayo hushusha data zake Malindi. Mzunguko wake umeinama kwa digrii 20 hivi tu kutoka ikweta, kwa hiyo inapita mara kwa mara juu ya pwani yetu. Watu wa hapa wanajua ratiba ya boti ya Pemba, hii hawaijui.

Kusi, kengele

Sehemu ya tatu ya mradi ni kengele ya milipuko halisi: Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyounganishwa na mtandao wa GCN, unaosambaza taarifa za milipuko kwa yeyote anayetaka, bure. Ulianza miaka ya 1990 kwa kupeleka mahali pa milipuko kutoka setilaiti ya Compton. Siku hizi taarifa zinapita kwenye mkondo wa Kafka (mfumo wa kusambaza ujumbe papo kwa papo), na programu ya Python ya kusikiliza haizidi ukurasa. Bando linaloliwa ni dogo mno. Umeme ndio shida, kwa hiyo Pi inakula kwenye betri ya pikipiki kupitia kibadilisha volti.

Taarifa ya Fermi inakuja kwa mafungu. Kwanza: kuna kitu. Kisha mahali palipokokotolewa na setilaiti yenyewe, kisha mahali palipokokotolewa upya ardhini, na doa linapungua kila hatua. Si kila kitu ni mlipuko wa mbali. Jua likilipuka inalia, na radi nazo hutoa mmweko mfupi wa gama kutoka mawinguni. Taarifa zinakuja na asilimia ya uwezekano wa kila aina, nami nimeweka kichujio, kwani kengele iliyoiamsha nyumba nzima saa 9 usiku kwa sababu ya jua ilileta maneno.

Programu inaonyesha pia kama mahali hapo pako juu ya upeo wa macho wa Tanga dakika hiyo. Nikaijaribu kwa milipuko ya zamani, na ule mkali kuliko yote uliowahi kurekodiwa ukaja na jibu lililonifanya nihesabu upya kwa mkono. GRB 221009A, tarehe 9 Oktoba 2022. Fermi iliunasa saa 10 na dakika 17 jioni kwa saa zetu. Ulikuwa kaskazini mashariki, upande wa baharini, digrii 50 juu ya upeo. Gama zile, baada ya safari ya karibu miaka bilioni 2, zilimwagika juu ya Tanga mchana kweupe, zikavuruga tabaka la hewa lenye chaji ya umeme huko juu, na GBM ikazidiwa na wingi wa fotoni. Wataalamu walikadiria mlipuko wa ukali huo hutokea mara moja kwa miaka 10,000 hivi. Swift haikuwa ikitazama huko. Iliuona kama dakika 53 baadaye, ukiwa bado unang'aa kiasi cha kuiamsha. Na setilaiti moja ya mchemraba wa sentimita 10, GRBAlpha, ikapima kilele chake bila kuzidiwa. Hilo linanipa moyo kuhusu vyombo vidogo.

Mwisho wa kusi, saa

Ujanja wa tatu, wa kulinganisha saa, kwa kifupi kwa sababu bado uko jikoni. Setilaiti mbili zilizo mbali zinauona mlipuko mmoja kwa kupishana sekunde chache. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa kasi ya mwanga na kuigawa kwa umbali kati yao, unapata pembe, na pembe inachora duara angani. Setilaiti ya tatu inatoa duara la pili, nayo yanakatana. Umbali ndio kila kitu. Kati ya Fermi na chombo cha Wind, kilicho kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, mwanga unachukua sekunde 5. Ukiweza kupima wakati kwa usahihi wa sehemu tano za mia za sekunde, yaani 0.05, duara lako lina unene wa nusu digrii hivi. Setilaiti mbili zinazozunguka karibu na dunia zinapishana kwa sekunde 0.04 kwa wingi wake, na hapo duara linakuwa mkanda mpana usio na maana, labda mlipuko uwe na kingo kali mno.

Nimechukua data za wazi za Fermi na za setilaiti ya INTEGRAL, ambayo ilikuwa ikienda umbali wa kilomita 150,000 hivi, nikachagua mlipuko mfupi ulio chini ya sekunde 2. Grafu mbili za ukali wa mlipuko kwa wakati, moja ya kila setilaiti, nimeziteleza mpaka zikalala pamoja. Duara limepita juu ya doa la Fermi na kulikata vipande. Unene wake haunifurahishi bado. Data za INTEGRAL zimegawanywa kwa vipande vya sekunde 0.05, na kwa umbali ule hiyo peke yake ni digrii 5 na zaidi.

Kwa sasa nachonga kiwambo kipya cha bati, kwani manila imejikunja kwa unyevu na matundu ya pembeni hayako tena pale programu inapodhani yapo. Mota mbili za servo, zinazogeuka kwa pembe unayoziamuru, zimeshafika, ili sanduku lijigeuze lenyewe kuitazama tochi kama Swift inavyofanya. Kinachokosekana ni beringi ya kipenyo cha kufaa. Fundi baiskeli ameahidi kunitafutia kwenye makopo yake.