Ninavyopatana Bei ya Kazi ya Stima Bila Kuumia

Mwenye nyumba akiniuliza, "Kijana, utanifanyia ngapi?", sitaji bei. Naomba kwanza kuzunguka kila chumba na daftari, kwa sababu bei inayotajwa mlangoni huwa ni ya umri wangu, si ya kazi.

Huku Nakuru, maeneo ya Kiamunyi, Lanet na Njoro, nyumba za makazi hupatanwa sana kwa pointi, na ugomvi huanzia hapo, maana hakuna aliyesema pointi ni nini. Mimi huandika juu ya ukurasa: taa ni pointi moja, swichi ni pointi moja, soketi pacha ni pointi moja. Swichi mbili zinazowasha taa moja ya korido ni pointi mbili. Kuka (jiko la stima) na shawa ya moto nazihesabu pointi tatu kila moja, kwa kuwa waya wake ni mnene na hutoka peke yake hadi kwenye boksi ya breka. Boksi yenyewe na ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayozikwa ardhini kwa usalama, natoza kando.

Bei ya pointi naitoa kwenye siku zangu. Ukiondoa siku za kumngoja mwashi, za kukagua kazi ambazo hazitatokea na za kufuata vifaa mjini, nahesabu siku 18 za kulipwa kwa mwezi. Nikitaka shilingi 35,000 zibaki mkononi, na nauli, bando, bima ya afya ya SHA na vifaa vinavyochakaa vile 8,000, basi 43,000 kwa siku 18 ni karibu 2,400 kwa siku. Nyumba ya pointi 48 naiwekea siku 10, pamoja na msaidizi siku 6 kwa 900. Jumla ni 29,400, yaani kama 612 kwa pointi. Sikubali hesabu ya "asilimia fulani ya vifaa". Bei ya waya ikishuka dukani, jasho langu halijapungua.

Akisema ana 22,000 tu, sishushi bei, napunguza kazi. Namwambia: "Mama, kuchimba ukuta kwa ajili ya mabomba ya kupitishia waya ni siku zangu 2 na siku 3 za msaidizi. Tafuta vibarua wako wachimbe, mimi nitawachorea mistari." Hiyo inaondoa 7,500, inabaki 21,900, na hakuna aliyeumia. Lakini nawachorea wima na mlalo tu. Mstari wa mshazari ndio utakaotobolewa siku mtu akipigilia msumari wa picha.

Malipo nayagawa hivi: 30% kabla sijaanza, 30% mabomba na boksi zikishaingia ukutani, 30% waya zikishavutwa, 10% baada ya kupima. Awamu ya pili ndiyo ya kushikilia kwa nguvu. Wakati huo mwashi anangoja kupiga plasta, kwa hiyo mwenye nyumba ana haraka na pesa bado ipo. Plasta ikishapita, pesa huhamia kwenye tailsi na rangi, na fundi wa stima anaanza kuambiwa aje Jumatatu.

Nyongeza ndizo humaliza faida kimyakimya. "Hebu niwekee soketi moja hapa" baada ya plasta ni kuchimba upya, kuvuta waya upya na kuziba, kwa hiyo naitoza mara mbili. Natuma ujumbe: "Soketi 1 ya ziada jikoni, 1,200. Niendelee?" Sigusi patasi mpaka jibu lirudi.

Akiniletea bei ya fundi mwingine iliyo chini sana, namwomba amuulize mambo matatu. Soketi zinavutwa kwa waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 au 1.5? Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampia 23. Yeye anaiwekea waya gani? Mimi huweka wa 6. Na je, atapima kwa mega ya volti 500, kile kifaa cha kuonyesha kama stima inavuja kwenye waya, kabla ya kuwasha? Nisipopata angalau megaohm 1 kati ya waya na waya, na kati ya waya na ethi, siwashi. Bei ya chini mara nyingi imetolewa kwenye mambo hayo, na atakayelipia ni familia itakayolala humo ndani. Wala siweki sahihi ya leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi, kwenye kazi ambayo sikuipima, hata nikiahidiwa nini.

Kwa mkandarasi mambo ni mengine. Nabeba cheti cha NITA, mamlaka inayopima mafundi, kwa sababu amri ya serikali ya mishahara ya chini inatofautisha fundi wa gredi ya III, ya II na ya I, na aliye Kisumu yuko kwenye kiwango cha juu pamoja na Nairobi na Mombasa. Kabla ya kukubali nauliza kama posho ya nyumba imo ndani ya hicho kiasi au iko juu yake. Halafu kila jioni namtumia fomeni ujumbe mfupi: tarehe, saa za kuingia na kutoka, kazi iliyofanyika. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, haimwachi kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima aendelee kuhesabiwa kibarua, ila ni lazima siku hizo zionekane mahali. Ofisi ya leba ikiuliza ushahidi, jumbe hizo ndizo ninazofungua kwanza.