Rafu iliyokuwa ikirudi mlangoni

Mwaka 2016, Tanga, jikoni kwa mwalimu mstaafu. Makabati ya chini yalikuwa ya zege, kama yalivyo majiko mengi ya huku: meza imemwagwa juu ya vijikuta vya tofali, chini kumepigwa vigae, mbele kuna fremu ya mbao na milango. Kona ilikuwa na sentimita 90 kwa 90, kimo 72, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo haikufikika kwa mkono. Mwalimu alikuwa akivuta sufuria zake kwa mpini wa ufagio. Akataka rafu mbili za kuzunguka.

Kona ya 90 inakushawishi ukate duara la kipenyo cha 80, kwa kuwa ukutani unabakiwa na sentimita 5. Lakini kinachobana duara si ukuta, ni nguzo ya fremu. Zile za pembeni zilikuwa na unene wa sentimita 5, na duara la 80 lingezipita kwa milimita 8 tu. Chupa moja ikichungulia nje ya ukingo, inagonga. Nikakata 76, nikapata karibu sentimita 3. Kabla ya kugusa plaiwudi nilikata boksi la friji kwa kipimo kilekile, nikalitoboa katikati kwa msumari na kulizungusha mle ndani. Ukuta wa plasta hauna pembe kamili, na boksi linakuonyesha panapogusa kabla hujaharibu ubao wa milimita 18.

Kila rafu ilikatwa pengo la pembe mraba upande wa milango, mistari yake ikiwa sentimita 11.5 kutoka kitovu. Pengo hilo ndilo linaloruhusu milango kufunga, na ndilo linaloingiza rafu kabatini. Kabla ya kuiingiza, isimamishe rafu kwa ubavu, pengo likitazama juu, uilinganishe na nafasi iliyo kati ya mbao ya juu na ya chini ya fremu. Asiyepima hapo atakuja kung'oa fremu. Milango niliiunga miwili kwa bawaba ikunjane, na ule wa pembeni nikaufunga bawaba zinazofunguka hadi nyuzi 165. Bawaba za kawaida huishia nyuzi 110, mlango unabaki umesimama kwenye njia ya rafu.

Mhimili ulikuwa bomba la chuma la milimita 25, beringi chini, kikombe juu, na kola mbili za kushikia rafu. Bomba la kromu linateleza: skrubu ya kola ukiikaza vipi, mzigo ukizidi rafu inashuka. Nilitoboa vishimo vya milimita 2 kwenye bomba, ncha za skrubu zikazama humo. Rafu ya chini niliiweka sentimita 9 kutoka kwenye vigae, ipite juu ya mbao ya fremu.

Kisha nikasimamisha mhimili kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba. Nikaweka guni juu ya vigae, bomba likalala sawasawa na mkono wake, nikatia alama kwenye zege juu, nikatoboa, nikapiga fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, nikafunga. Tupu, rafu zilizunguka vizuri kabisa.

Siku ya tatu Mwalimu akapiga simu.

"Mwanangu, mafuta nayaweka nyuma, asubuhi nayakuta mlangoni. Na mlango umefunguka."

Nilipofika niliweka pima maji juu ya vigae. Povu likakimbilia nyuma. Fundi vigae alikuwa ameinamisha sakafu ya kabati mbele, milimita 5 kwa kila sentimita 50, ili maji ya kudekia yatoke. Alifanya vema. Ila guni halijui wima, linajua pembe na kile kilicho chini yake, kwa hiyo mhimili wangu ulilala mbele pamoja na sakafu: milimita 7 kwa kimo chote. Rafu tupu haijali milimita 7. Ukiweka dumu la lita 5 upande mmoja, uzito unatafuta sehemu ya chini, na sehemu ya chini ilikuwa mlangoni.

Wako wanaotibu jambo hili kwa kukaza beringi mpaka rafu izunguke kwa shida. Usifanye hivyo. Beringi inalika, na mama mwenye mikono yenye maumivu hawezi kuisukuma.

Nilitoa kila kitu nje. Kikombe cha juu nilikiacha, maana ukitoboa zege milimita 7 kutoka kwenye tundu la milimita 8, matundu yanaungana na fisha haishiki. Nikaamua kuhamisha chini. Nilifunga dirisha, upepo wa bahari ulikuwa ukiichezesha kamba, nikaning'iniza timazi, kamba yenye uzito nchani, kutoka katikati ya kikombe. Ilichukua muda kutulia. Ncha yake ikasimama mbele ya alama yangu ya zamani, upana wa penseli hivi.

Chini ya beringi niliweka kipande cha plaiwudi ya milimita 12, sentimita 30 kwa 30, nikakiinua ukingo wa mbele kwa kabari za milimita 3 hadi povu likakaa katikati pande zote mbili. Vigae nilivitoboa bila kuwasha nyundo ya drili, juu ya utepe wa karatasi wenye gundi ili ncha isiteleze. Silikoni nikaizungushia ukingoni, maji ya kudeki yasiingie chini ya ubao. Pengo la rafu lilisogelea milango kwa milimita 5, ikabaki sentimita 1. Inatosha.

Mwalimu alianza na dumu la mafuta. Akalizungusha hadi nyuma kabisa, akaondoa mkono, akangoja. Likabaki nyuma.