Vitabu viwili vya Gurnah, na watoto wetu wanaopelekwa mjini

Wateja wangu wengi hapa kwenye duka langu la vitabu Mwanjelwa, Mbeya, wanaulizia vitabu vya kiada, vya dini na vya ujasiriamali, riwaya wanazipita tu. Ila safari hii nina riwaya mbili nataka kabisa watu wa huku Nyanda za Juu wazisome, na zote ni za Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya Fasihi 2021.

Ya kwanza ni Peponi. Kwa Kiingereza ilitoka 1994 kwa jina la Paradise, ila ya Kiswahili ni ya 2022, kaitafsiri Ida Hadjivayanis na wachapishaji ni Mkuki na Nyota. Kuna dogo anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na miwili, baba yake ana kihoteli kidogo na anadaiwa na tajiri mmoja, Aziz, ambaye kila akipita kwao anampa mtoto hela kwa hiyo mtoto anampenda, basi siku moja anaambiwa jiandae unasafiri na mjomba, anapandishwa treni mpaka pwani anawekwa dukani afanye kazi, na wala hakuna aliyemwambia ukweli. Kijana mwenzake wa pale dukani, Khalil, ndo anakuja kumfungua macho, kwamba huyu sio mjomba wako, wewe umewekwa rehani kwa deni la baba yako.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Maana jamani, sisi huku tunalijua hili jambo. Ni mabinti wangapi wametoka Makete, Njombe, Rungwe, Mufindi, wakaambiwa unaenda Dar kwa shangazi atakusomesha, kumbe shangazi mwenyewe hata undugu hamna, na shule haipo, ipo kazi ya kuosha vyombo na kulea watoto wa mwenye nyumba? Stori ya Yusuf ni ya enzi za misafara ya biashara, Wajerumani ndo wanaingia, lakini mwalimu mmoja mteja wangu kaisoma akarudi kuniambia "kaka, huyu mtoto nimemfundisha mimi". Nikamwelewa kabisa.

Kiswahili chake ni kitamu, watu wanaongea kama watu, wanatukanana, wanataniana, wanaapa. Pale katikati kwenye msafara wa kwenda bara mambo yanakuwa mengi na kuna sehemu inachosha kidogo, ila vumilia mpaka wafike kwa Chatu, mtawala mmoja wa huko bara. Mwisho wake sikwambii, kuna wateja wawili wamebishana hapa dukani mpaka nikawatolea viti.

Ya pili ni Theft, ya 2025, hii ninayo ya Kiingereza. Humo kuna Badar, naye kijana wa kijijini, analetwa Dar kufanya kazi kwenye nyumba ya watu na hajui kwa nini hasa kaletwa kwenye ile nyumba, baadae anasingiziwa wizi na kuishia Zanzibar. Yaani Gurnah miaka thelathini na kitu imepita na bado anamuuliza msomaji swali lile lile, mtoto akichukuliwa bila kuambiwa ukweli anakuwa mtu wa aina gani? Na hapa sio enzi za Mjerumani tena, ni enzi zetu hizi, Zanzibar yenye mahoteli na wageni wa kujitolea kutoka Uingereza. Mwanzoni inaenda taratibu, unaanza na familia ya Karim, huyu kijana msomi mwenye bahati zake, usikate tamaa. Mimi niliyempenda zaidi ni Fauzia, mke wa Karim, aliumwa kifafa utotoni na hofu ile inamfuata mpaka anapokuja kuwa mama, na kwa jinsi kifafa kinavyofichwa majumbani huku kwetu, nadhani wazazi wengi wangefaidika kuzisoma zile kurasa. Kiingereza chake sio kigumu, form four aliyesoma vizuri anaenda nacho.

Anza na Peponi halafu uje Theft, ndo utaona Yusuf na Badar walivyo ndugu. Na nawaomba walimu wa sekondari, Peponi msiikopi kwenye stationery, mtafsiri kafanya kazi kubwa na tusiponunua nakala halali hatutaletewa nyingine. Kama hela haitoshi changeni kikundi mnunue moja mzungushane, hiyo nakubali kabisa, na wa Tukuyu, Mbozi na Chunya natuma kwa basi.