VIP, peptidi inayopatanisha seli za saa ya ubongo

Mwanafunzi wa udaktari hapa Lubumbashi akiulizwa saa ya mwili inavyofanya kazi, atakuchorea duara la jeni: protini za CLOCK na BMAL1 zinawasha jeni za Per na Cry, protini zinazotengenezwa zinarudi kuzima jeni hizo, na mzunguko unaisha baada ya saa 24 hivi. Ni sahihi, lakini duara hilo ni la seli moja. Saa yenyewe, kwa panya, ina nyuroni (seli za neva) zipatazo 20,000 katika sehemu ya chini ya haipothalamasi, iliyo kwenye kitako cha ubongo, juu tu ya pale neva za macho zinapopishana. Ukizitawanya kwenye sahani ya maabara, kila moja huendelea kuhesabu siku kivyake: hii inatangulia, ile inachelewa. Kuzipatanisha ni kazi ya peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, na kubwa kati ya hizo ni VIP (vasoactive intestinal polypeptide).

VIP ina amino asidi 28. Said na Mutt waliitoa kwanza kwenye utumbo wa nguruwe mwaka 1970. Katika saa ya ubongo inamwagwa na nyuroni za upande wa chini, zile zinazopokea habari za mwanga kutoka jichoni. Inashika kipokezi cha VPAC2 kwenye seli jirani, cAMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, inapanda, kisha protini ya CREB inawasha jeni za Per1 na Per2. Kwa hiyo wakati ndio unaoamua matokeo: VIP ya mwanzo wa usiku huchelewesha saa, ya mwisho wa usiku huitanguliza, sawa na mwanga. Panya asiye na VIP au VPAC2 akiwekwa gizani muda wote, mara nyingi hupoteza mpangilio wa kulala na kuamka, ingawa jeni zake za saa ni nzima.

Anayetaka kuliona hili kwa macho hukata kipande cha ubongo chenye unene wa maikromita 300 kutoka kwa panya ambaye protini yake ya PER2 imeunganishwa na lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga kikipata lusiferini, halafu hupima mwanga unaotoka. Kata mchana wa panya, kabla taa za chumba chake hazijazimwa. Ukikata usiku, kisu chenyewe kinasogeza saa, na utadhani ni peptidi. Kipande hukaa juu ya utando, kwenye sahani ya milimita 35 yenye mililita 1.2 za maji ya lishe na lusiferini milimola 0.1 kwa lita, imefunikwa kwa kioo na kuzibwa kwa grisi. Kwa kuwa imezibwa, tumia kemikali ya HEPES kushikilia pH (kiwango cha asidi).

Kipimo cha VIP kinawaponza wengi. Miligramu 1 katika mikrolita 300 za maji safi inatoa takriban milimola 1 kwa lita. Punguza mara kumi, kisha tia mikrolita 1.8 katika sahani: umepata nanomola 150 kwa lita. Igawe katika vichupa vidogo kabla ya kugandisha, maana kuyeyusha na kugandisha tena kunaiharibu, na tumia vichupa vya plastiki isiyonata protini. Sahani ya kulinganishia lazima nayo itiwe mikrolita 1.8 za maji matupu, kwa sababu kuifungua na kuigusa tu kunaweza kusogeza mzunguko. Na kwa umeme wetu, betri ya akiba kwa inkubeta na kipima mwanga si anasa: saa chache za kukatika zinatoboa rekodi ya siku nzima.

Jambo linalotuvutia zaidi lilionekana mwaka 2013, katika maabara ya Erik Herzog huko Marekani: VIP ikizidi, inavuruga upatano wa seli zilezile ambazo kiasi kidogo kinazipatanisha, na saa iliyolegea hivyo huhamia ratiba mpya haraka. Mwaka huohuo watafiti wa Kyoto walionyesha kuwa panya wasio na vipokezi vya V1a na V1b vya vasopresini, peptidi ya upande wa juu wa saa, huzoea haraka kuliko wenzao ratiba iliyosogezwa kwa saa 8.

Mfanyakazi wa zamu ya usiku mgodini asitafute VIP ya sindano. Ikiingia kwenye damu inatanua mishipa, inashusha presha na kuharisha. Anachoweza kushika ni mwanga: mkali mwanzoni mwa zamu, miwani myeusi wakati wa kurudi nyumbani jua likichomoza, na pazia zito chumbani.