Safari ya Mchora Fulana: Kutoka Santo Domingo hadi Oaxaca

Kutoka Houston ninakoishi hadi Jiji la Mexico ni saa mbili na ushee kwa ndege, karibu kuliko kwenda New York. Mimi ni mtu wa Tanga, na riziki yangu naipata kwa kuuza fulana mtandaoni, zile zinazochapwa oda ikiingia: nachora, mteja analipa, mashine ya mtu mwingine inachapa fulana moja na kuituma. Hakuna stoo wala mzigo wa kulala. Wateja wangu wengi hapa Texas wana asili ya Mexico, na Oktoba ikikaribia wote huulizia kitu cha Siku ya Wafu, sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu. Kilichojaa sokoni ni lile fuvu lenye maua machoni, lililonakiliwa na kila mtu mpaka limechujuka. Nikaona kabla sijaongeza fuvu langu kwenye lundo hilo, nikatazame yalikoanzia.

Nilianzia Plaza de Santo Domingo, mwendo mfupi kaskazini ya Zócalo, uwanja mkuu wa jiji. Chini ya matao ya Portal de los Evangelistas ndipo walipokaa tangu zamani waandishi wa kukodi, wakiwaandikia wasiojua kusoma barua za mahakama na barua za mapenzi. Siku hizi waliojaa ni wachapaji: mialiko ya harusi, kadi za biashara, vitabu vya risiti, vyote kwenye vibanda ambavyo mtu mmoja akiingia mwingine hana budi kutoka. Wenyeji hutania kwamba ukiwa na haraka hata digrii ya kughushi inapatikana pale. Mzee mmoja alikuwa akichapa kadi za ubatizo kwa mashine ya mkono, moja moja, bila kuangalia vidole vyake. Harufu ya wino ilinituliza. Nilijiona nimefika kwa watu wangu.

Mji huu ndio uliomlea kikazi José Guadalupe Posada. Alizaliwa Aguascalientes mwaka 1852, akaja hapa kumchongea picha mchapishaji Antonio Vanegas Arroyo. Walitoa vipeperushi vya karatasi duni, mara nyingi ya rangi, vyenye habari ya mauaji, tetemeko la ardhi, muujiza au kashfa, pamoja na mashairi na picha, vikauzwa barabarani kwa bei ya senti. Picha iliyotumika kwa habari hii ingeweza kurudi baadaye kwa habari nyingine kabisa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana ndiyo biashara yangu yenyewe: bei ndogo, chapa haraka, fuata kinachosemwa mtaani wiki hii. Lile fuvu la mwanamke mwenye kofia pana ya maua ambalo dunia nzima inalijua kwa jina la Catrina alilichonga kwenye zinki miaka yake ya mwisho, kuwakejeli wanawake wenye damu ya wenyeji waliojifanya Wazungu. Posada alifariki 1913, maskini, akazikwa kwenye kaburi la bure la maskini.

Sasa, Catrina wa Posada ni kichwa na kofia tu. Mwili na gauni alivishwa na mchoraji Diego Rivera mwaka 1947, kwenye mchoro wa ukutani unaoonyesha ndoto ya Jumapili bustanini Alameda. Ulikuwa ndani ya hoteli. Tetemeko la 1985 lilipoiharibu hoteli hiyo, ukuta mzima ulihamishwa ukajengewa makumbusho yake kando ya bustani hiyohiyo. Ni mrefu, unapita mita 15, na katikati yupo Catrina ameshikana mkono na Posada mwenyewe, shingoni kajitanda nyoka mwenye manyoya. Nilikaa mbele yake muda mrefu kwa sababu ya kikazi. Kofia ni ya wote, hakimiliki ya Posada ilishakwisha. Nyoka na gauni ni vya Rivera, aliyefariki 1957, na sheria ya Mexico sasa inalinda kazi ya msanii miaka 100 baada ya kifo chake. Haki za Rivera na za mkewe, mchoraji Frida Kahlo, zinashikiliwa kwa amana na benki kuu ya nchi, Banco de México. Wachora fulana wenzangu wanaomchukua Catrina mzima mzima, nyoka na yote, wamevuka mpaka wasiouona.

Jiwe la Jua, lile duara la mawe lililochongwa na Waazteki, nililiona kwenye Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, kipenyo chake mita 3.6, lilifukuliwa Zócalo mwaka 1790. Nalo lina mlinzi: ukitaka picha ya mali za kale za taifa kwenye bidhaa ya kuuza, unaomba kibali INAH, taasisi inayosimamia akiolojia na historia. Sikuhangaika nalo. Limeshachapwa kwenye vikombe vya kutosha.

Kilichonifurahisha kuliko jiwe ni treni za chini ya ardhi. Metro ilipofunguliwa 1969 kila kituo kilipewa alama yake ya picha, ili hata asiyejua kusoma ajue anashuka wapi: panzi kwa Chapultepec, hekalu la duara kwa Pino Suárez, kwa kuwa hekalu hilo lilikutwa palepale wakati wa kuchimba. Rangi moja, mstari mnene, unaitambua ukiwa umesimama mbali. Fulana nzuri ndivyo ilivyo.

Kutoka hapo nilikwenda jimbo la Puebla, kwenye mji mdogo wa San Salvador Huixcolotla. Mabasi ya kubadilisha, vumbi, malori ya mboga. Huko ndiko hasa yanakotoka mapambo ya papel picado, yale mabango ya karatasi za shashi zilizotobolewa maua, ndege na mafuvu, yanayotundikwa juu ya barabara wakati wa sikukuu. Fundi niliyemkuta alikuwa amebandika karatasi zipatazo 50 pamoja, juu kaweka mchoro, chini bamba la madini ya risasi, na pembeni patasi nyingi za kila umbo: nusu mwezi, tone, nukta. Kila pigo la nyundo linapita karatasi zote. Nilimuuliza kitu gani kinamsumbua mwanafunzi. Akaniambia ni kusahau kuunganisha. Katika kazi hii jicho la fuvu haliwezi kuelea. Kila kipande lazima kishikwe na kingine, la sivyo kinaanguka. Nilinunua shada zima la rangi ya waridi kali, na usiku hotelini nikachora upya daftari langu nzima kwa kanuni hiyo: hakuna kinachoelea, na rangi ya nguo yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya mwanga.

Oaxaca ni mwendo wa basi wa nusu siku, milima na mikaktasi. Sokoni waliniuliza mara kwa mara kama natoka Costa Chica, pwani ya kusini wanakoishi Wamexico wenye asili ya Afrika. Sensa ya 2020 iliwahesabu nchi nzima zaidi ya milioni 2.5. Nilijibu natoka pwani pia, ila bahari nyingine.

Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji Wazapoteki, nilikwenda nikiwa na tamaa. Mazulia yao ya sufu yana ngazi na mikunjo ya pembe iliyo kwenye kuta za mawe za magofu ya kale ya Mitla, jirani hapo. Doña mmoja, yaani mama wa heshima, alinionyesha rangi: wadudu wadogo wa dungusi waliokaushwa, akawasaga, ukatoka wekundu mzito, akakamulia ndimu ukageuka kuwa kama chungwa, akatia chembe ya magadi ukawa zambarau. Nilipiga picha nyingi. Nikiwa palepale nilijua hazitafika popote. Zile ngazi zipo kwa kuwa uzi wa kufuma haujui kupinda; ukizichapa kwenye pamba zinakuwa sanamu ya zulia. Halafu wenyewe wapo. Tangu Januari 2022 Mexico ina sheria inayotambua umiliki wa pamoja wa urithi wa jamii za wenyeji na za Wamexico wenye asili ya Afrika, na mgeni anayeutumia kibiashara bila idhini anaweza kukabiliwa na faini hata kifungo. Doña hakuitaja sheria. Alitaja makampuni. Carolina Herrera, kampuni ya mitindo, 2019: serikali ikaandika barua kuhoji matumizi ya tarizi za wenyeji wa Tenango. Adidas 2025, kiatu kilichofanana na kandambili za ngozi za Yalálag, na mkuu wa idara ya sheria wa kampuni hiyo nchini Mexico akapanda milimani kuomba radhi mbele ya wanakijiji.

Jioni nilimsimulia dada yangu aliyeko Tanga, muuza kanga. Akasema, "Kaka, kwani hujui kanga zetu? Ukingoni zimeandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla. Mwenye mali kajiandika." Kweli.

Mjini Oaxaca nikapata nilichokifuata. Mitaa imejaa karakana za uchapaji wa mbao na linoliamu. Chimbuko mojawapo ni taasisi ya sanaa za michoro, IAGO, aliyoianzisha mchoraji Francisco Toledo mwaka 1988, yenye maktaba unayoingia bure. Ndiye aliyechapa sura za wanafunzi 43 wa Ayotzinapa waliotoweka kwenye tiara mwaka 2014 zikarushwa angani. Jingine ni mgomo wa walimu wa 2006, uliozalisha kundi la wasanii la ASARO na kujaza kuta picha za upinzani. Hawa ni wajukuu wa Posada, na picha zao zimezaliwa kwenye wino. Zikienda kwenye fulana haziigizi kitu.

Mchapaji niliyeelewana naye, maestra (fundi mwanamke) wa makamo, alishachonga kiunzi cha mifupa kikiwa juu ya pikipiki na sanduku la chakula cha oda mgongoni. Nilitaka hicho. Alikataa kunipa kibao cha zamani. Pamba hunywa wino, alisema, mistari myembamba itapotea. Akachonga kipya chenye mistari minene. Wino mweusi mtupu kwenye fulana ya waridi au ya manjano hauhitaji ule mweupe wa kutandikwa chini kama kwenye nguo nyeusi, kwa hiyo gharama inashuka na chapa haigandi kama plastiki. Tulibishana juu ya mgawo hadi chokoleti ikapoa. Anapata fungu lake kwa kila fulana, jina lake linachapwa ukingoni, na mkataba ni wa mwaka mmoja. Vikombe alivikataa kabisa, bila maelezo.

Oda ya kwanza ilitoka San Antonio. Mteja hakuuliza habari za Posada wala za sheria. Aliuliza kama ipo saizi ya mtoto.