Nilivyobeba mimba na fenilketonuria, na vita yangu na ule unga

Mtu akiniambia tena "mjamzito hula kwa ajili ya wawili, piga mayai na maziwa", nitamfukuza. Nilizaliwa na fenilketonuria: ini langu linashindwa kuvunja fenilalanini, ambayo imo katika protini za vyakula. Ikizidi kwa mama huvuka kondo la nyuma, na damu ya mtoto huwa nayo nyingi kuliko ya mama. Anaweza kuzaliwa na kichwa kidogo, moyo wenye kasoro, akili iliyodumaa, hata kama ugonjwa wenyewe hakuurithi. Nilimweleza mama mkwe haya yote, akaitikia vizuri, akaendelea kunichemshia mayai. Aliyenenepa ni mume wangu.

Uzazi wa mpango sikuuacha mpaka fenilalanini kwenye damu ilipotulia kati ya mikromoli 120 na 360 kwa lita. Hapo najisifu, nilibana kwelikweli.

Balaa ilikuwa kichefuchefu. "Si afadhali utapike, protini itoke?" Ushauri wa hovyo! Ukikosa chakula mwili unakula misuli yake wenyewe, na fenilalanini inapanda. Tena kinachonishibisha protini ni unga maalumu wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, usio na fenilalanini, na harufu yake, jamani! Niliuchanganya na juisi, juisi nayo ikanuka. Niliukoroga mzito kama uji niumalize haraka, ukagoma kooni. Nikabana pua, nikaachia ili nipumue, ukarudi wote mezani. Kilichoniokoa ni barafu tele, kikombe chenye mfuniko na mrija: harufu inabaki humohumo. Wa kwanza nilikuwa naunyonya kabla sijainuka kitandani, uliobaki kidogokidogo kutwa. Bei yake inauma, anza kusumbuana na bima mapema. Na soda "isiyo na sukari" soma lebo kwanza. Aspatamu, kile kitamu cha badala ya sukari, ina fenilalanini hiyohiyo.

Baada ya nusu ya mimba mambo yaligeuka. Mtoto akawa anajengea mwili kwa protini yangu, fenilalanini kwenye majibu ya damu ikashuka mno, na hilo nalo si zuri kwa ukuaji wake. Mtaalamu wa lishe akaniongezea protini ya chakula, akaongeza tena. Nilikula maharage nikiangalia mlangoni kama mwizi.

Mtoto alipimwa damu ya kisigino: hana ugonjwa, ana nakala moja tu ya jeni yenye hitilafu, ile ya kwangu, na ananyonya bila wasiwasi. Nilipojifungua nikapiga simu kuuliza kama ile ruhusa ya maharage bado ipo. Mtaalamu alicheka kwanza, ndipo akasema haipo.